Nguo ya Friji

Kisanduku kilikuwa kimekata kauli tena. Fundi aliinamia kompyuta yake pale kwenye meza ya kulia chakula, akaitazama mistari ya rangi iliyotambaa kutoka kushoto kwenda kulia: huu wa joto la beringi, huu wa mtetemo, huu wa mvuke. Yote ilikuwa imekwenda bega kwa bega tangu alfajiri, kwa utulivu wa watu waendao shambani pamoja. Kisha, katikati ya asubuhi, ikakatika yote kwa mpigo kama uzi uliong'atwa kwa meno. Mbele kidogo iliibuka upya na kuendelea na safari, bila maelezo wala haya. Kati ya kukatika na kuibuka palibaki peupe, na weupe huo ndio uliokuwa ukimnyima raha.

"Kimekufa?" aliuliza mama yake kutoka kwenye kochi. Nyumba nzima ilimwita Bibi, hata Fundi mwenyewe tangu alipojifungua pacha. Vidole vya Bibi havikuacha kufuma alipokuwa akiuliza.

"Hakijafa. Kimezimia. Baadaye kinaamka chenyewe."

"Basi ni degedege. Wanao walikuwa nayo wote wawili, umesahau?"

"Bibi, ni kompyuta."

"Kompyuta haina mama? Kinazimia, kinaamka, kinazimia. Mimi nimelea, najua ninachokiona."

Fundi alicheka bila kutaka. Kompyuta yenyewe ilikuwa mbali, kiwandani, nayo haikufanana na ile iliyokuwa mbele yake. Ilikuwa kisanduku cha alumini chenye ukubwa wa tofali, kisicho na kioo wala vitufe. Hakikuwa na hata feni, kwa kuwa feni huvuta vumbi na kiwanda cha karatasi ni vumbi tupu. Badala yake kilikuwa na mapezi ya chuma mgongoni, ya kutolea joto lake polepole kama mtu anayepumua kwa pua. Nyaya zilitoka ndani yake kwenda kwenye vihisi vidogo vilivyobandikwa kwenye beringi za mashine. Kazi yake ilikuwa moja: kuisikiliza mashine bila kupumzika, na kumpelekea Fundi kwa mtandao wa simu kila kilichokisikia, ili beringi inayotaka kufa ijulikane kabla haijafa na kuizika mashine pamoja nayo.

Alikilehemu mwenyewe, juu ya meza hii hii, baada ya miaka ya kutengeneza simu za watu kwenye kibanda cha kupanga. Vifaa vyake vilikuwa ghali. Ndiyo maana kwenye kona ya sebule, kati ya kabati na mlango wa jikoni, palikuwa na mraba safi wa sakafu uliong'aa kuliko sakafu nyingine: hapo ndipo ilipokuwa imesimama friji. Siku friji ilipouzwa mnunuzi alitaka achukue na nguo yake, ile ya buluu yenye maua ya manjano aliyoifuma Bibi, maana katika nyumba ile kila kitu kilikuwa na nguo: redio, televisheni, jagi la maji, hata rimoti. Bibi aliivua friji mbele ya mnunuzi, akaikunja nguo akaiweka kwapani. "Umenunua friji," alisema. "Hukununua nguo." Tangu siku hiyo Fundi alipeleka maziwa ya watoto kwa jirani, na jirani, akiyapokea kwa vidole viwili, hakukosa la kusema: "Kisanduku chako hakigandishi hata barafu, shoga yangu?"

Simu iliita. Alikuwa Mhandisi wa kiwanda, kijana mwenye adabu aliyefanya kazi zake nyuma ya kioo, juu ya ukumbi wa mashine.

"Mama, nimeona pengo la leo," alisema. "Nimelinganisha na ratiba za zamu. Kinazimika zamu ya mumeo tu. Zamu nyingine kinakwenda kama saa."

"Unataka kusema nini?"

"Sisemi mimi. Zinasema takwimu zako mwenyewe. Kuna mtu anachomoa waya." Sauti yake ikalegea. "Mimi si adui yako. Nakitaka kisanduku hiki kuliko unavyodhani. Lakini kesho Meneja anafunga majaribio. Njoo na jibu, au njoo na begi la kukibebea."

Fundi aliiweka simu mezani. Bibi, ambaye alikuwa amesikia kila neno, aliinamia ufumaji wake kwa bidii isiyo ya kawaida.

*

Mumewe alirejea jioni akiwa na unga wa karatasi kwenye nyusi, mithili ya mzee wa ghafla. Kiwandani walimwita Mkuu, kwa kuwa aliongoza zamu. Nyumbani alikuwa Baba Pacha. Alivua viatu mlangoni, akamwamkia Bibi kwa heshima zake zote, akaketi.

"Mama Pacha, mbona umenuna?"

"Sijanuna. Nafikiri. Leo kimezimika tena. Zamu yako."

"Nimesikia."

"Wenzako wanakisemaje?"

Baba Pacha alijikuna shingo. "Wamekibatiza. Wanakiita Mama Mkwe."

"Kwa nini?"

"Kimekaa kimya pembeni, kinaona kila kitu, halafu kinakwenda kusema kwa wakubwa." Aligutuka, akageukia kochi. "Samahani, Bibi. Si mimi niliyelitunga."

"Usijali, mwanangu," Bibi alisema. "Wamepatia."

Fundi hakucheka. "Ni nani anayekichomoa?"

"Hakuna."

"Baba Pacha, nitazame. Nani anakichomoa?"

"Nakwambia hakuna. Wanatania tu. Yule Bisibisi kila akipita anakipigia saluti, anasema, shikamoo mama, sijaiba kitu. Lakini hakuna aliyegusa waya. Nasimama pale mchana kutwa."

"Basi niache nije kesho asubuhi, zamu yako ikiwa kazini. Nikae nikitazame."

"La." Jibu lilitoka haraka mno. "Usije asubuhi. Njoo jioni kama ulivyokuwa ukija, zamu ikibadilika. Asubuhi watanicheka. Watasema mke amekuja kunisimamia."

"Kwa hiyo kicheko cha Bisibisi kina uzito kuliko kazi yangu?"

"Sikusema hivyo."

"Umesema."

Maneno yalipungua baada ya hapo, na yale yaliyobaki yakawa ya chumvi na maji ya kuoga. Fundi aliosha vyombo huku akiligeuzageuza wazo ambalo hakutaka kulishika: kwamba mkono unaokizima kisanduku huenda ni ule ule uliomsaidia kuibeba friji hadi mlangoni. Alikumbuka jambo lililomstaajabisha alipokwenda kiwandani. Vumbi jeupe lilikuwa limelala juu ya kila kitu, juu ya nguzo, nyaya na kofia za watu, ila kisanduku chake kilikuwa safi, kama kilichotoka dukani. Wakati ule alidhani mumewe anakifuta, akaona ni mapenzi. Sasa alijiuliza mtu anayekigusa kitu mara kwa mara namna hiyo anakigusa kwa nia gani.

*

Asubuhi, Baba Pacha alipokwisha kwenda kazini na watoto shuleni, Fundi aliifungua tena kompyuta bila matumaini makubwa. Begi lilikuwa tayari kando ya kiti. Bibi alipita na kikombe chake cha chai, akachungulia mistari juu ya bega lake.

"Degedege ile imeondoka?"

"Bibi, tafadhali."

"Mimi nauliza tu. Maana degedege haiji hivi hivi. Huletwa na homa. Ukiona mtoto amezimia, kwanza mguse paji la uso."

Fundi alianza kumjibu, akajikuta akilirudia neno lake.

Homa. Siku alipokuwa akikijenga, alikipa kisanduku kihisi kimoja cha ziada, kilichokuwa ndani ya kisanduku chenyewe, cha kupima joto la mwili wake. Alikiweka kwa sababu kila mtu mwenye busara hukiweka. Na kikizidiwa na joto, kisanduku hujizima ili kisiungue, kikipoa hujiwasha. Kisha akakisahau. Katika siku zote za majaribio alikuwa ameitazama mistari ya beringi na mvuke, mistari ya mashine ya watu. Alikuwa amejenga kitu cha kusikiliza wengine, na hakumpata kamwe mtu wa kukisikiliza chenyewe.

Aliufungua mstari huo. Ukatokea mwekundu.

Jioni ulikuwa chini. Alfajiri ulikuwa chini. Mara tu baada ya zamu ya mumewe kuanza, ulianza kupanda, ukapanda, ukapanda kama mtu anayekwea ngazi bila kushika ukuta, hadi ukagota. Hapo ndipo peupe palipoanza. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu hivyo hivyo.

"Hakuna anayechomoa!" Fundi alipiga ukelele uliomfanya Bibi amwage chai. "Hakuna aliyechomoa waya! Kina homa! Bibi, kina homa!"

"Si ndivyo nilivyosema?"

"Ukumbi una joto la kutwa nzima, lakini chenyewe kinaungua zamu ya Baba Pacha tu. Kuna kitu kinakizuia kupumua. Kuna kitu kimewekwa juu yake." Alikuwa tayari amebeba begi na kompyuta, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. "Nakwenda. Sasa hivi."

"Sasa hivi?" Bibi aliweka kikombe chini. Uso wake ulikuwa umebadilika. "Mwanangu, hebu ngoja kidogo. Kuna jambo..."

Lakini Fundi alikuwa amekwisha kufika barabarani, na alikuwa anakimbia.

*

Aliwakuta Mhandisi na Meneja wakitoka ofisini kuelekea kwenye ukumbi wa mashine. Meneja alikuwa mwanamke mrefu wa makamo, mwenye sifa ya kutorudia swali.

"Umepata jibu?" aliuliza.

"Nimepata nusu," Fundi alisema, akihema. "Hakizimwi na mtu. Kinazidiwa na joto."

"Joto gani hilo linalofuata ratiba ya zamu?" Mhandisi aliuliza.

"Ndiyo nusu iliyobaki. Twendeni tukakione."

Walipoingia, ngurumo iliwapokea kifuani kabla ya masikioni. Mashine ilikuwa ndefu kama mtaa. Upande mmoja karatasi iliingia ikiwa bado uji uliotandazwa, ikapita juu na chini ya rola kubwa za chuma zilizojaa mvuke, na upande wa pili ikatoka imekauka, nyeupe, ikijiviringisha kwa mwendo ambao jicho lilishindwa kuufuata. Fundi alimwona mumewe kwa mbali. Naye aliwaona. Na badala ya kuja kuwalaki, Baba Pacha alifanya jambo la ajabu: aligeuka na kwenda mbio kuelekea kwenye nguzo iliyobeba kisanduku.

Hakuwahi. Bisibisi, makanika mwembamba aliyestahili jina lake, alikuwa amesimama hapo hapo na grisi hadi kwenye viwiko, naye alikuwa na furaha ya mtu aliyeisubiri siku hii.

"Karibuni!" alipaza sauti kushinda mashine. "Leo Mama Mkwe kapendeza kwa ajili ya wageni!"

Kwenye rafu yake ya chuma, kikiwa kimekaa wima kwa heshima zote, kisanduku kilikuwa kimevaa. Nguo ilikuwa ya buluu, yenye maua ya manjano. Ilikuwa na marinda pembeni, na utepe uliofungwa fundo la kipepeo mbele, pale ambapo nyaya zilitokea.

Fundi aliitambua kabla hajafika. Aliitambua jinsi mtu anavyolitambua gauni la mama yake kwenye kamba ya watu wengine. Bibi alikuwa ameikata nguo ya friji akaishona upya, kwa kipimo.

"Hii ni nini?" Mhandisi aliuliza.

Fundi aliufungua utepe. Vidole vyake viligusa chuma, akavirudisha kwa haraka. Kilikuwa cha moto kama sufuria. Taa yake ndogo ya kijani ilikuwa imezimika. Aliigeuza nguo ndani nje, akaona kwamba Bibi, ili vumbi lisipenye kwenye matundu ya ufumaji, alikuwa ameshonea bitana. Bitana ilikuwa kipande cha blanketi la pacha walipokuwa wachanga.

Wafanyakazi walikuwa wamesogea. Mmoja alianza kucheka, wa pili akamfuata, na kicheko kikapita juu ya rola kama karatasi yenyewe. Fundi alihisi masikio yake yakiwaka. Alijua kwamba neno moja lake, lolote, lingemmaliza mtu aliyesimama pembeni yake.

Mtu huyo alimwondolea mzigo. "Ni mimi," Baba Pacha alisema.

"Sema kwa sauti," Meneja alisema. "Hapa hapasikiki."

"Ni mimi!" Kicheko kikakatika. "Nakivisha kila zamu inapoanza, nakivua nikitoka, wasije wenzetu wa zamu nyingine wakaifanya nguo kitambaa cha kufutia mikono. Humu ndani kila kitu kinakufa kwa vumbi. Injini zinakufa, taa zinakufa, na mapafu yetu... haya, tuyaache. Kisanduku hiki kimeila friji yetu. Nikaona nacho kikifa kwa vumbi, nitamwambia nini mke wangu?"

"Mbona hukuniambia?" Fundi aliuliza.

"Bibi alisema utakataa. Kwamba wewe hupendi vitu vyake vya kufuma."

"Jana nilikuuliza."

"Uliniuliza nani anachomoa. Hakuna aliyechomoa." Akaangalia chini. "Sikujua kwamba kinapumua."

"Nanyi nyote mliona?" Mhandisi aliwageukia wafanyakazi. "Niliwauliza kila siku!"

"Uliuliza habari za waya, bosi," Bisibisi alisema. "Nguo tulidhani kimekuja nayo."

Meneja aliichukua nguo kutoka mkononi mwa Fundi, akaitazama mshono wake kwa makini, akairudisha. "Kwa hiyo majaribio yangu yameshindwa kwa sababu ya marinda."

"Hayajashindwa," Fundi alisema. "Nipe muda kipoe."

Baba Pacha hakungoja kuambiwa. Aliokota kipande cha boksi sakafuni, akaanza kukipepea kisanduku kwa mikono miwili, kwa nguvu na bidii, kama mtu anayewasha jiko la mkaa wageni wakiwa wamekwisha keti. Mhandisi alisitasita, akalitazama jalada lake la plastiki, kisha naye akaanza kupepea upande wa pili. Hakuna aliyecheka sasa. Wote waliinamia taa ile ndogo.

Ikawaka. Kijani.

"Haya, mama!" Bisibisi alipiga kofi. "Karudi!"

Fundi aliiweka kompyuta yake juu ya pipa la grisi. Mistari ilianza kujichora: wa mvuke, mahali pake, wa joto la rola ya kwanza, mahali pake. Wa rola ya mwisho ulitokea juu mno. Alidhani ni kosa, akangoja. Haukushuka. Ulikuwa unapanda mbele ya macho yake, na mstari wa mtetemo chini yake, uliokuwa laini siku zote, ulikuwa umeota meno.

"Simamisheni mashine," alisema.

"Unasemaje?"

"Beringi ya rola ya mwisho inaungua. Simamisheni!"

Mhandisi aliinama, akatazama, akatikisa kichwa. "Mama, kimetoka kuzimia dakika hii. Kinaweweseka. Hiyo ni homa yake mwenyewe."

"Homa ilikuwa ya kisanduku. Vihisi viko kule, juu ya beringi zenyewe. Havikuvishwa nguo na mtu."

"Tukisimamisha, karatasi yote iliyo juu ya rola inachanika. Mvuke unapotea. Hadi mashine irudi mwendo wake ni kesho." Alimgeukia Baba Pacha, si kwa ukali. "Kitufe ni chako, Mkuu, wewe ndiye mwenye zamu. Lakini ukikibonyeza bure leo, baada ya mambo ya marinda, sitaweza kukutetea."

Baba Pacha alichukua fimbo ya chuma iliyoning'inia kwenye nguzo. Ndivyo walivyofanya wote waliofanya kazi pale: ncha moja kwenye nyumba ya beringi, nyingine kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, na mashine huja kusema kichwani. Alisikiliza huku amefumba macho. Alihamisha fimbo, akasikiliza tena. Wote walimngoja.

"Sisikii kitu," alisema.

"Umeona," Mhandisi alisema.

Baba Pacha aliirudisha fimbo kwenye ndoano yake. Hakumtazama Mhandisi. Alimtazama mkewe, ambaye hakuwa ameondoa macho kwenye kioo.

"Mama Pacha. Kinasemaje sasa?"

"Joto linapanda. Bado linapanda."

"Mimi sikusikia chochote."

"Najua."

"Una hakika nacho?"

Fundi aliinua uso. Alikuwa amekesha na kisanduku kile, alikuwa amebeba maziwa kwa jirani kwa ajili yake. "Nina hakika nacho," alisema. "Kama hakijavishwa."

Baba Pacha alipiga kitufe chekundu kwa kiganja kizima.

Ngurumo ilishuka polepole, kama mtu mzito anayeteremka ngazi. Karatasi ilichanika kwa mlio mrefu, ikaanguka mikunjo mikunjo juu ya rola. Kisha kukawa na kimya ambacho watu wale hawakukizoea, na ndani yake sauti za kawaida zikasikika kuwa kubwa mno: tone la maji, kikohozi, kiatu. Bisibisi alikuwa amekwisha kukwea na spana zake. Ilibidi angoje chuma kipoe, na katika kungoja huko hakutania hata mara moja. Mhandisi alikuwa akitembea hatua chache mbele na kurudi. Meneja alisimama mikono nyuma. Baba Pacha alikuwa ameishika nguo ya friji bila kujua ameichukua saa ngapi, akiikunja na kuikunjua.

Kifuniko cha beringi kiliachia. Bisibisi alichungulia, akaingiza vidole, akavitoa.

Grisi iliyotakiwa kuwa ya manjano ilikuwa nyeusi kama lami. Aliipangusa, akaingiza mkono tena, akainua kipande cha pete ya ndani. Pete ilikuwa imevunjika vipande viwili. Gololi zake zilikuwa zimegeuka rangi, buluu ya chuma kilichoungua.

"Mkuu," Bisibisi alisema kwa sauti ndogo, kisha akaipata sauti yake halisi. "Mkuu! Imekwisha! Imekwisha kabisa hii! Ingekwama kabla ya chakula cha mchana! Rola ingeng'oka na mhimili wake!" Alikigeukia kisanduku, akakipigia saluti, na safari hii hakuwa akitania. "Shikamoo, mama."

Ukumbi ulilipuka. Watu walipigana mabega, mmoja alirusha kofia yake juu na ikashuka na vumbi la mwaka mzima. Wengine walimnyanyua Baba Pacha, wakamshusha walipokumbuka uzito wake. Mhandisi aliipokea beringi kwa vitambaa viwili, akaigeuzageuza.

"Meneja," alisema, "iandikwe kwamba ni mimi niliyetaka mashine iendelee."

"Nilikuwapo," Meneja alijibu. "Haina haja ya kuandikwa." Kisha akamgeukia Fundi. "Kila mashine humu ndani itapata chake. Utaanza lini?"

Fundi alitaka kutaja siku, akajikuta amenyoosha mkono tu.

"Uchi," Meneja aliongeza, akiushika. "Naomba vije uchi."

*

Bibi alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kochi, mikono mitupu, jambo ambalo halikuwahi kuonekana. Walipoingia wote wawili pamoja, kabla ya saa za kutoka kazini, alisimama.

"Wamekufukuza," alimwambia mkwewe.

"Hawajanifukuza, Bibi."

"Basi wamekirudisha kisanduku. Nilitaka kukwambia asubuhi, mwanangu, ukanikimbia. Ni mimi. Nilidhani kimechukua nafasi ya friji, kichukue na nguo yake."

"Kimechukuliwa, Bibi," Fundi alisema. "Na vingine wameagiza. Vingi." Akaanza kucheka, na akicheka akamkumbatia, na mumewe akawakumbatia wote wawili na vumbi lake lote, wakasimama hivyo kwenye ule mraba safi wa sakafu, wakisimulia kwa zamu na kukatizana: utepe, saluti, Mhandisi na jalada lake, kitufe, grisi nyeusi.

Bibi alisikiliza hadi mwisho. Kisha akanuna.

"Mtoto mwenye homa hafunikwi blanketi," alisema. "Hata mimi najua. Si mngeniambia tu kwamba kina joto? Mlisema kimezimia. Mimi nikaongeza bitana."

Baba Pacha aliweka mzigo juu ya meza, akaufungua. Ilikuwa ile nguo ya buluu, na ndani yake beringi iliyovunjika, aliyoiomba kwa Bisibisi iwe ukumbusho. Bibi aliizunguka, akaigusa kwa kidole kimoja, akauliza ndiyo hii, wakasema ndiyo hii. Alikwenda jikoni akaleta kigoda, akakiweka pale kona ilipokuwa friji, akaipandisha beringi juu yake kwa mikono miwili. Akarudi nyuma kuitazama. Halafu akaichukua nguo, akaikung'uta vumbi mlangoni, akainyoosha marinda.

Kwa mazoea Fundi alinyoosha mkono kumzuia. Akausitisha hewani, akaurudisha.

"Hiyo funika tu, Bibi," alisema. "Hiyo imeshamaliza kusema."